Nyeusi ya Pembe

Nyekundu walikuja kuichukua Wahispania, na sina neno nao, walifanya kazi kwa adabu. Walivua viatu mlangoni kama watu wanaoingia msikitini, wakatoa kalamu zao za mwanga, wakaanza kuing'oa zinjifuri, ndiyo hiyo nyekundu, punje kwa punje kutoka kwenye shuka la yule mama aliyechorwa ukutani. Kalamu inagusa, punje inaruka, mrija unaivuta, chupa inaipokea. Kufika jioni shuka limebaki chokaa tupu. Wakaitia chupa muhuri, wakanishukuru mimi niliyewapimia, wakaenda zao kuirudisha kwenye mgodi ilikotoka zama za Warumi.

Kabla yao walikuja Wamisri, wakachukua mbingu. Buluu ile hupikwa kwa mchanga na shaba, na ya ukuta huu ilipikwa kwao, basi ni yao. Watu wa Kupro wakachukua majani ya mti. Kila aliyekuja alikuwa na haki yake, na kila haki ilitoka kinywani mwangu mimi, Dokta Somoe Mbonde, mpima asili. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema hii yenu, ile yao.

Na usinicheke. Sheria ya Asili tuliidai sisi wenyewe. Ngoma na sanamu za babu zetu zilipoanza kurudi kutoka Ulaya tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka, na mimi nilikuwa mbele. Kila kitu kirudi kwao, tulisema. Hakuna aliyeuliza kitu ni nini. Sheria ikamaliza sanamu, ikaingia kwenye vito, ikamaliza vito, ikaingia kwenye rangi. Mkono uliozoea kupokea haujui kukunjwa.

Nyumba yenyewe iko karibu na Napoli, chini ya ule mlima uliomwaga majivu ukafukia miji. Wanaiita Nyumba ya Mlezi kwa sababu ya huyo mama: yaya amembeba mtoto wa tajiri begani, mtoto kalala, yeye anakutazama. Baada ya nyekundu, buluu na kijani kuondoka, kilichobaki kilikuwa udongo wa kahawia wa palepale, chokaa ya palepale, na nyeusi. Nyeusi ndiyo nywele, ndiyo ukingo wa uso, ndiyo macho. Kwa kuwa mtoto kafumba, ukuta mzima ulikuwa na macho mawili tu, na yalikuwa ya mtumwa.

Mtu akikuambia rangi za Warumi zimepakwa juu ya ukuta, mkatalie. Fundi alikuwa anapiga lipu mbichi mahali pa kazi ya siku ile tu, halafu anawahi kutia rangi kabla haijakauka. Chokaa ikikauka inavuta hewa, inageuka jiwe, na rangi inabaki ndani ya jiwe. Ndiyo maana imedumu hivyo. Na ndiyo maana huwezi kuitoa bila kuchuna ngozi ya ukuta. Ukishachuna, umechuna, hakuna cha kurudishia.

Mlinzi wa nyumba hiyo alikuwa mama mmoja anaitwa Assunta, makamo ya mama yangu, mfupi, mkali, na funguo zake shingoni. Mama yake mzazi aliilinda nyumba ile kabla yake. Tulikuwa tunaongea kwa kikalimani cha sikioni, yeye Kinapoli, mimi Kiswahili, na siku za mwanzo alikuwa ananiletea kahawa. Walipoondoka Wamisri aliacha kuniletea. Sikumlaumu.

*

Nyeusi niliiacha mwisho kwa sababu nilidhani haina shida. Nyeusi nyingi za Warumi ni masizi: moshi wa taa, mkaa wa mizabibu. Masizi hayana kwao, na Sheria huyaacha yalipo. Mimi mwenyewe nilishamwambia Assunta kwamba macho yatabaki.

Nikaelekeza mwale wa mashine ya kupimia kwenye jicho la kushoto. Fosforasi ikapanda.

Masizi hayana fosforasi. Fosforasi ni mfupa, au pembe. Nikakuza picha, nikaona mistari ile ya kukatana kama wavu, ambayo ukishaiona mara moja huwezi kuisahau: pembe ya ndovu. Matajiri wa Kirumi hawakutaka nyeusi ya moshi kama ya watu wa kawaida. Mafundi wao walitia vipande vya pembe kwenye chungu, wakaziba, wakachoma mpaka vikawa vyeusi ti. Sasa, pembe ya wapi?

Hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Udongo wa kila mahali una madini yanayoitwa strontiamu, na mizani yake haifanani na ya jirani. Mti unainywa kutoka ardhini, ndovu anakula mti, pembe inaitunza, na moto hauwezi kuifuta. Unachoma pembe inakuwa mkaa, unausaga mkaa unakuwa rangi, unaitia rangi ukutani Ulaya, na bado ile punje inakumbuka kichaka alikokula ndovu. Nikalinganisha na risasi na madini mengine, nikairushia ramani, ramani ikachora duara. Kusini mwa mto Rufiji, kutoka vilima vya Umatumbi kushuka hadi delta. Ndani ya duara, kwa herufi ndogo: Nyakinungu.

Nilikaa chini. Nyakinungu ndiko nilikozaliwa. Mama yangu yuko huko, na kaburi la baba.

Lazima nikueleze habari ya mchanga, maana bila hiyo hutajua kwa nini nilikaa chini. Bahari imepanda, miji yote mikubwa inajenga kuta za kuizuia, na kuta zinataka mchanga. Kampuni moja ilishapewa kibali cha kuchimba delta yetu. Vijiji viwili vya jirani vilikuwa vimeshageuka mashimo ya maji ya chumvi, na chetu kilikuwa kinafuata. Mama alikuwa amesema hatoki. Lakini eneo lolote likitajwa na Tume ya Marejesho kuwa asili ya kitu cha kale, hata kiwe chembe, halichimbwi. Hilo lilikuwa halina mjadala. Macho mawili ya yaya wa Kirumi, na mama yangu anabaki kwake.

Na ningeweza kusema haijulikani. Kipimo kikiwa na shaka, rangi inabaki ukutani. Hakuna ambaye angerudia kupima, maana neno la mpima ni la mwisho. Lakini shaka sikuwa nayo.

Mjumbe wa Tume katika kazi ile alikuwa Mihayo Katambi, Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo mtani wangu mimi Mndengereko. Wajumbe wote huvaa kifungo cheusi kwenye koti, kinachonasa kila neno na kulipeleka makao makuu, na neno lililonaswa ni ushahidi. Hakizimwi. Mihayo alikuwa akitaka kunitania anakifunika kwa kiganja. Nilipomwonyesha duara alikifunika, akasema ile pembe ni ya babu zake, sisi Wandengereko tuliwaibia walipokuja pwani kuoga kwa mara ya kwanza. Nikamwambia enzi za Warumi babu zake walikuwa hawajajua kubeba hata kuni. Tukacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaondoa kiganja, akauliza kwa sauti ya kazi iwapo nipo tayari kutoa tamko.

Assunta alikuwa amesimama mlangoni. Kikalimani kilikuwa kimemfasiria yote isipokuwa kicheko. Akaingia, akajiweka kati yangu na ukuta, akasema bila kupaza sauti.

"Wamechukua nguo yake, mbingu yake na mti wake. Nimenyamaza kwa sababu vilikuwa vya bwana wake. Macho ni yake."

"Mama Assunta, mimi napima tu."

"Hapana. Mashine ndiyo inapima. Wewe unasema."

Nikamweleza habari za mama yangu, mchanga na mashimo. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza mama yangu anaitwa nani, nikamwambia Mwanaukuta, na kikalimani kikashindwa kulifasiri jina, kikalirusha lilivyo. Akalirudia taratibu. Akasema angekuwa yeye, naye angemchagua mama yake, na asingejisamehe. Kisha akaondoka mbele ya ukuta.

Nikasema ni Rufiji.

*

Kanuni inataka punje ing'olewe na mtu wa ilikotoka, akiwepo. Nilikuwepo. Nilianza na nywele, nikaenda kwenye ukingo wa uso, nikajichelewesha hapo kama mtoto anayekwepa kuogeshwa. Jicho la kushoto lilitoka upesi. La kulia fundi alikuwa ameliwekea rangi nzito, akaweka na kidoa cheupe cha mwanga juu yake, na ile nyeupe ya chokaa ikabaki ikining'inia peke yake mahali ambapo hapakuwa na jicho tena. Nilitaka kuifuta, lakini chokaa ilikuwa ya palepale na sikuruhusiwa kuigusa.

Yote ilikuwa kijiko cha chai cha vumbi. Assunta alifunga mlango nyuma yetu, akavua funguo shingoni, akamkabidhi Mihayo. Alisema hapana kitu tena humo cha kulinda.

Niliona aibu, sitaki kuificha. Na nilipompigia mama simu na kusikia vigelegele vya jirani zake, nilifurahi vilevile, furaha ya kweli kabisa, nikala chakula chote nilichopewa kwenye ndege.

*

Nyakinungu walitupokea kwa ngoma, mimi na Mihayo. Tume ilikuwa imeandaa kisanduku cha kioo cha kuiweka ile chupa ofisi ya kata, mama akakataa. Alisema kitu kilichouawa, kikachomwa, kikapelekwa utumwani, kikirudi nyumbani kinazikwa. Wazee wakaafiki. Maalim alikataa kusoma, akasema tembo hana talakini, lakini ubwabwa alikula. Vijana wakachimba kaburi dogo pembeni ya makaburi yetu, mchanga laini, kina cha kiuno.

Sasa, penye maziko ya kwetu mtani hakosi kazi yake. Watu wamesimama wanahuzunika au wanajilazimisha kuhuzunika, mara Mihayo, na suti yake, na kifungo chake kifuani, karuka akaingia kaburini. Akakaa kitako. Akakunja uso.

"Sitoki," akasema. "Mmeua ndovu wa babu yangu. Nipeni fidia. Nataka ardhi hii yote."

Hicho ndicho kinachofanyika. Mtani anadai kitu kisichodaika, na wafiwa wanamjibu kwa kumpa zaidi ya alichodai, na anayejibu hatakiwi kucheka, akicheka kashindwa. Baadaye anapewa kuku au sahani ya ubwabwa, anatoka. Hata msiba mzito unapata pumzi hapo. Mama alikuwa hodari wa mchezo huo wilaya nzima. Akasogea ukingoni, mikono kiunoni, uso mkavu kama wa hakimu.

"Chukua," akasema. "Chukua ardhi, chukua mashamba, chukua na nyumba. Sisi wote wa Nyakinungu tumekubali, tutahama, tutakwenda kulala porini na nguruwe. Tumechoka nayo. Wewe tu utoke humo tumzike mzee wetu."

Watu walilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walishikana mabega. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, mara ya kwanza tangu Napoli. Mihayo akapewa jogoo, akatoka na mavumbi makalioni, na tukazika.

Hakuna aliyekumbuka kifungo, hata yeye aliyekivaa. Msibani nani anakumbuka koti?

*

Sheria ya Asili ina kipengele ambacho nilikisoma chuoni na kukipita. Eneo la asili likishatajwa, Tume ina hiari ya kulifanya eneo safi, yaani lisilo na watu, ili udongo wake ubaki kipimo cha kupimia vingine. Wachimba mchanga hawaingii, na wenyeji nao wanatoka. Linahitajika jambo moja tu: ridhaa ya wenyeji, iliyotolewa kwa mjumbe wa Tume, kwa hiari, mbele ya mashahidi.

Makao makuu walikuwa nayo. Sauti safi. Mjumbe kaomba ardhi, mzee wa kike wa kijiji kaitoa kwa niaba ya wote, umma umeshangilia.

Niliomba kusikilizwa, wakanisikiliza kwenye skrini. Walikuwa watu wa heshima, hawakunikatiza. Nikawaeleza utani ni nini, tangu misafara ya pembe, Wanyamwezi wakishuka pwani na mizigo, mpaka leo. Mwenyekiti, mwanamke mpole mwenye miwani, akaniuliza kama maneno yale yalisemwa. Nikajibu yalisemwa. Akauliza kama ndani ya ile sauti kuna alama yoyote inayoonyesha kwamba msemaji alikuwa anatania. Walikuwa wameshaipitisha kwenye mashine zao: sauti ya mama haikuwa na kicheko, haikuwa na mtetemo. Nikasema ndivyo inavyotakiwa, ukicheka umeshindwa. Akaandika. Nikamwambia vile vicheko ni vya watu kufurahia mzaha. Akasema mashine imeviainisha kuwa shangwe.

"Dokta Mbonde," akaniambia, "tamko lako la Napoli tulilipokea bila kuuliza, kwa kuwa ulisema kipimo hakina shaka. Hapa kuna kipimo chochote unachoweza kutuletea?"

Nilimwambia mashine inapima, ila mtu ndiye anayesema. Yalikuwa maneno ya Assunta, nikayasikia yakitoka kinywani mwangu, na mwenyekiti akayapokea kama nilivyoyapokea mimi. Alisema anaelewa, na kwamba anasikitika.

Mihayo alijiuzulu siku hiyo hiyo. Aliandika, aliapa, alikwenda kwa wakubwa akapiga magoti. Walimjibu kwamba mjumbe hawezi kutengua ridhaa aliyoipokea, vinginevyo ridhaa gani duniani ingesimama.

*

Magari ya kuhamisha watu yalikuja asubuhi, mazuri, yenye viti vya kitambaa. Walituahidi nyumba za matofali huko juu, na kweli nyumba zipo, sitasema uongo. Mama alifunga vyombo vyake mwenyewe. Alikwenda kwenye kaburi la baba, akakaa, akarudi, hakuniambia alichosema huko. Kwangu hakuwa na neno baya. Aliniambia nibebe kinu, nikabeba kinu.

Mihayo alikuja bila kuitwa. Alikuwa amekonda, shati tu, hana koti wala kifungo. Alishika godoro la mama, akaliweka kichwani kama babu zake walivyobeba, akapita nalo katikati ya watu wote waliokaa juu ya mizigo yao. Alikuwa anatafuta pa kuanzia, niliona kabisa.

"Wandengereko bwana," akasema, "hata kuhama mnahama na kunguni wenu."

Utani mwepesi huo, wa kuamkiana. Kwa kawaida angejibiwa na watu kumi kwa mara moja. Wazee walitazama chini. Binti mmoja alifungua mdomo, mama yake akamfinya. Watu walikuwa wanamtazama kifuani, pale ambapo kifungo kilikuwa kinakaa, kisha wanatazama magari, kisha miti, kana kwamba popote panaweza kuwa na sikio.

Nikamgeukia mama. Yeye hajawahi kushindwa na Mnyamwezi tangu nimjue, na jibu nililiona likimfikia mdomoni. Akalimeza. Akarekebisha khanga yake, akamsogelea Mihayo, akampa mkono kama mgeni anavyompa mgeni.

"Ahsante sana, bwana," akasema. "Mungu akulipe."

Mihayo akaliteremsha godoro, akaliweka chini taratibu, akakaa juu yake, akaanza kulia. Mama akapita, akapanda gari.